Makhan Singh: Mtetezi wa wafanyakazi aliyezuiliwa miaka 11 bila kifungo

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Nanyuki hawezi kuikosa Kiganjo. Wengi wanaijua kwa sababu ya chuo cha mafunzo ya polisi. Wazee nao wanaikumbuka kwa stesheni yake, kwani gari la moshi la Nanyuki halikufika mjini Nyeri, na abiria wa mji huo walishukia Kiganjo kisha wakatafuta namna ya kumaliza safari yao.

Kutoka hapo, barabara moja huelekea Nyeri mjini. Nyingine husonga mbele kupitia Naro Moru hadi Nanyuki, na mwenye haja ya kufika mbali zaidi huendelea kaskazini katika nyika za Laikipia hadi kituo cha Dol Dol.

Ni wachache miongoni mwa wanaopita hapo wanaojua kwamba njia hizo mbili zinagusa mwanzo na mwisho wa mateso ya mtu mmoja. Mjini Nyeri ndiko kesi yake ilikosikizwa mwaka wa 1950. Dol Dol ndicho kituo cha mwisho alikowekwa kabla ya kuachiliwa mwaka wa 1961. Kati ya miaka hiyo miwili alipoteza zaidi ya miaka 11 ya uhai wake.

Mtu huyo hakuwa mwana wa Nyeri, wala hakuzaliwa katika ardhi ya Kenya. Alikuwa Kalasinga aliyevaa kilemba, fundi wa kiwanda cha chapa, na jina lake lilikuwa Makhan Singh. Katika historia ya vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki hakuna jina linalolitangulia lake.

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika jimbo la Punjab. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Leo liko nchini Pakistan.

Babake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Kama maelfu ya mafundi wengine wa Punjab, alivuka bahari kuja Afrika Mashariki kutafuta riziki katika shirika la reli. Mzee huyo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuwaunganisha mafundi wa reli katika miaka ya 1920. Kwa hivyo, mwana alipoingia katika harakati za wafanyakazi, alifuata nyayo alizozikuta nyumbani.

Makhan Singh alifika Nairobi mwaka wa 1927 akiwa na umri wa miaka 13. Alisoma katika shule ya upili ya serikali iliyotengewa watoto wa Kihindi, ambayo siku hizi inajulikana kama Jamhuri High School. Alikuwa mwanafunzi hodari, na tangu ujana wake alipenda kutunga mashairi kwa lugha ya Kipunjabi.

Angeweza kuendelea na masomo ya juu lau familia yake ingekuwa na uwezo. Badala yake alijiunga na babake, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameanzisha kiwanda cha chapa jijini. Humo ndimo kijana huyo alimojifunza kupanga herufi na kuendesha mitambo. Ujuzi huo ulimfaa sana baadaye, kwa sababu chama kisicho na fedha lakini chenye mtu wa kuchapa vikaratasi kina sauti.

Kenya ya wakati huo ilikuwa imegawanywa kwa rangi kama nguo iliyokatwa vipande. Mzungu alikuwa na shule yake, hospitali yake na mtaa wake. Mhindi alikuwa na vyake vya daraja la pili. Mwafrika aliachiwa makombo, na juu ya hayo akalazimishwa kubeba kipande shingoni ili mwajiri na polisi wajue alikotoka na anakofanya kazi.

Mishahara nayo ililipwa kwa rangi. Mafundi watatu walioshika randa moja na kupiga msumari mmoja walikwenda nyumbani na mapato matatu tofauti. Mpango huo uliwafaa waajiri, kwa sababu mfanyakazi wa rangi moja alifundishwa kumwona mwenzake kuwa mshindani wake.

Makhan Singh aliitambua hila hiyo mapema. Mnamo Machi 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi jijini Nairobi. Mwezi mmoja tu baadaye, chama hicho kilibadilisha jina na kuitwa Labour Trade Union of Kenya, na milango yake ikafunguliwa kwa wafanyakazi wote bila kujali rangi, dini wala tabaka.

Kwa masikio ya leo hatua hiyo inaonekana ndogo. Katika mwaka wa 1935 lilikuwa jambo la kutisha. Hapakuwa na mkahawa wala kanisa ambamo rangi zote ziliketi sawa, na hapa palikuwa na chama kilichowaambia seremala wa Kihindi na kibarua wa Kiafrika kwamba shida yao ni moja.

Nguvu za chama zilijaribiwa mwaka wa 1937. Mafundi wa Nairobi walidai siku ya kazi iwe ya saa nane na mishahara iongezwe. Waajiri walipokataa, mgomo ulianza mwezi wa Aprili na ukadumu siku 62.

Siku 62 bila mshahara ni muda mrefu kwa mtu mwenye watoto. Wafanyakazi walisaidiana kwa chakula na michango hadi waajiri walipolegea. Mishahara iliongezwa na saa nane zikakubaliwa. Kwa mara ya kwanza, wafanyakazi wa mji huo waliona kwa macho yao kwamba kweli kidole kimoja hakivunji chawa.

Serikali pia iliona. Mwaka huohuo sheria ya kusajili vyama vya wafanyakazi ilipitishwa. Chama cha Makhan Singh kilisajiliwa, na kwa kuwa kilikuwa na wanachama hata nje ya mipaka ya Kenya, kikaitwa Labour Trade Union of East Africa.

Kilichowatia watawala wasiwasi zaidi kilitokea Julai 1939. Katika mkutano mkuu wa chama, viongozi wawili wa Kikuyu Central Association, Jesse Kariuki na George Ndegwa, walichaguliwa katika kamati kuu. KCA ndicho chama kilichokuwa kikitetea ardhi ya watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu. Sasa kilio cha shamba na kilio cha kiwanda vilikuwa vimekutana katika meza moja.

Karibu na wakati huohuo Mombasa ilitikisika. Wafanyakazi wa idara mbalimbali, kisha makuli wa bandarini, waliweka chini zana zao mnamo Julai na Agosti 1939 wakidai mishahara na makao bora. Chama cha Makhan Singh kiliwaunga mkono. Serikali ililazimika kuunda tume iliyoongozwa na Willan kuchunguza hali yao, na tume hiyo ikaona kwamba malalamiko kuhusu nyumba na mapato hayakuwa ya uongo.

Lakini kabla ya wafanyakazi kufaidi matunda hayo, vita vilizuka Ulaya mnamo Septemba 1939. Mambo yote yakabadilika.

Desemba mwaka huo Makhan Singh alisafiri kwenda India. Alitaka kujionea jinsi wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay na Ahmedabad walivyojipanga, na hakuchelewa kujiunga nao. Uingereza ilikuwa imeiingiza India vitani bila kuwauliza Wahindi, na aliyewachochea wafanyakazi wakati wa vita alihesabiwa kuwa adui.

Mnamo Mei 1940 alikamatwa. Hakufikishwa mahakamani. Sheria za ulinzi wa nchi wakati wa vita zilimruhusu mtawala kumshika mtu yeyote aliyemshuku na kumweka kizuizini. Makhan Singh alipitia magereza kadhaa, na kwa muda akawa katika kambi ya Deoli iliyoko Rajputana, pamoja na wapinzani wengine wengi wa ukoloni.

Msomaji na atazame tarehe hizo kwa makini. Mwezi huohuo wa Mei 1940, maili elfu kadhaa kutoka Deoli, serikali ya Kenya iliipiga marufuku KCA pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita. Viongozi wake walikusanywa na kupelekwa Kapenguria. Miongoni mwao walikuwa Jesse Kariuki na George Ndegwa, wale wale waliokuwa wameketi na Makhan Singh katika kamati moja mwaka mmoja tu uliotangulia.

Kwa hivyo, katika mwezi mmoja, kamati ile ya Nairobi ilikuwa imevunjwa katika mabara mawili kwa kutumia aina moja ya sheria. Mkono ulikuwa mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa moja: vita.

Vita hivyo havikuwa vya mbali kwa watu wa Mlima Kenya. Karibu Waafrika 100,000 wa Kenya waliingizwa jeshini, na wengi wao walipelekwa hadi Uhabeshi na Burma. Nanyuki ilijengewa kambi ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Huko Karatina, kilomita chache kutoka Kiganjo, kiwanda kilijengwa cha kukausha mboga za kulisha majeshi, na wakulima wakahimizwa kulima kwa bidii. Vita vilipokwisha, kiwanda hicho kilifungwa.

Kuanzia mwaka wa 1942 serikali iliruhusu pia vijana kuchukuliwa kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, mathalan ya mkonge, kwa hoja kwamba mazao hayo yalihitajika vitani. Bei za vyakula na nguo zilipanda huku mishahara ikibaki palepale. Oktoba 1942 wafanyakazi wa Kiafrika wa reli mjini Mombasa waligoma, vita au pasi vita, kwa kuwa njaa haijui amri ya gavana.

Makhan Singh hakuyaona hayo. Aliachiliwa kutoka kizuizini Julai 1942, lakini uhuru aliopewa ulikuwa na kamba. Aliamriwa asitoke katika kijiji chake cha Gharjakh, na amri hiyo ikadumu hadi Januari 1945. Hapo ndipo alipoonja kwa mara ya kwanza adhabu ambayo ingemrudia tena: kuwa huru kwa jina, na kuzungukwa na mpaka usioonekana.

Alipoondolewa amri hiyo alifanya kazi katika gazeti la Wakomunisti wa Punjab. Kisha, Agosti 1947, mwezi India ilipopata uhuru na kugawanywa, akarejea Kenya.

Alikuta nchi imechacha. Mnamo Januari mwaka huo Mombasa ilikuwa imesimama kwa siku 12 katika mgomo mkuu uliowashirikisha wafanyakazi wapatao 15,000. Kiongozi aliyeibuka kuwasemea, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi uleule wa Agosti ambao Makhan Singh alirudi. Alipelekwa Baringo na kuzuiliwa huko kwa takriban miaka kumi.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Japani ilikuwa imesalimu amri, na askari walikuwa wamerudi makwao. Silaha moja tu haikurudishwa ghalani, nayo ni ile ya kumtenga mtu kwa amri bila kumtia hatiani kwa kosa lolote. Watawala walikuwa wameizoea.

Makhan Singh hakupewa hata nafasi ya kupumua. Serikali ilimtaka aondoke nchini, naye akakataa. Mabishano yalifika mahakamani, na kwa wakati huo serikali ikashindwa kumwondoa. Basi ikatunga sheria nyingine, ile ya mwaka wa 1949 iliyohusu kuwafukuza wahamiaji waliokuwa raia wa himaya ya Uingereza.

Mwaka huohuo, katika sikukuu ya wafanyakazi ya Mei 1, vyama kadhaa viliungana na kuunda East African Trades Union Congress. Fred Kubai, kijana shupavu wa Nairobi, alichaguliwa kuwa rais, na Makhan Singh akawa katibu mkuu. Serikali ilikataa kuusajili muungano huo.

Ushirikiano wa wawili hao ulikuwa mfano wa kipekee. Kubai aliwajua madereva wa teksi na vibarua wa Nairobi kwa majina. Makhan Singh alijua sheria, hesabu na uchapaji. Mmoja alijaza uwanja watu, na mwingine alihakikisha kwamba waliojaza uwanja wanaondoka na karatasi inayoeleza madai yao kwa lugha wanayoielewa.

Mnamo Machi 1950 Nairobi ilipandishwa hadhi na kuwa jiji, na ndugu wa mfalme wa Uingereza akaja kushiriki sherehe. Muungano wa wafanyakazi uliwataka watu wasusie. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna cha kusherehekea katika jiji ambalo waliolijenga wanalala kumi katika chumba kimoja.

Kilichofuata Aprili 23, 1950 ndicho kilichokata shauri. Katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, wanachama wa Kenya African Union na wale wa chama cha Wahindi walikutana kwa mkutano wa pamoja. Makhan Singh alisimama na kutaka mkutano huo udai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na udai sasa.

Mwaka huo wa 1950 wanasiasa wengi walikuwa bado wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Uhuru kamili lilikuwa neno la kunong'onezwa. Huyu fundi wa chapa alilitamka hadharani, mbele ya umati na wapelelezi.

Wiki tatu baadaye, Mei 15, 1950, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ilisimama. Wafanyakazi waligoma wakidai viongozi wao waachiliwe, Chege Kibachia aachiliwe, na mshahara wa chini uwe Sh100 kwa mwezi. Polisi walitumia vitoa machozi na marungu, na mgomo ukaenea hadi miji mingine kabla ya kuzimika baada ya zaidi ya wiki moja.

Wakati jiji likiungua kwa hasira, Makhan Singh alikuwa akipelekwa mbali nalo. Kesi yake haikusikizwa Nairobi, walikokuwa wafuasi wake. Ilisikizwa Nyeri, chini ya mlima, mbele ya Jaji Ransley Thacker. Wakenya wangelisikia tena jina la jaji huyo miaka miwili baadaye, alipoiendesha kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria.

Wakili wake alikuwa Chanan Singh, ambaye baada ya uhuru naye aliketi katika kiti cha jaji. Hoja kuu haikuwa kama mshtakiwa aliiba, alipiga au aliua. Iliyoulizwa ni kama mtu wa namna hiyo ni hatari kwa utulivu wa koloni.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake. Njia ya kujiokoa ilikuwapo. Angeweza kukana kwamba ni Mkomunisti. Angeweza kusema kwamba maneno ya Kaloleni yalimponyoka kwa jazba, na kwamba shughuli yake ni mishahara tu wala si siasa. Alikuwa na mke, Satwant Kaur, na watoto wadogo waliomhitaji. Nani angemlaumu?

Hakukana lolote. Aliiambia mahakama waziwazi kwamba yeye ni Mkomunisti, kwamba haitambui haki ya Uingereza kuitawala Kenya, na kwamba wananchi wenyewe ndio wanaostahili kujitawala. Alitoa ushahidi wa kutosha dhidi ya nafsi yake, akijua fika utakavyotumiwa.

Jaji aliona kwamba serikali imethibitisha madai yake, na mwezi wa Juni 1950 gavana akatia sahihi amri ya kizuizi. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, katika pembe ya kaskazini mwa Turkana, karibu na mpaka wa Uhabeshi.

Inafaa kueleza kizuizi kilikuwa nini, kwa sababu wengi hukichanganya na kifungo. Mfungwa huambiwa kosa lake na miaka yake, naye huhesabu siku hadi mwisho. Mtu aliyezuiliwa hakupewa idadi ya siku. Aliwekwa mahali, akakatazwa kutoka, na amri yake ikabaki hai hadi aliyeitoa atakapopenda kuiondoa.

Kwa mtetezi wa wafanyakazi, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko pingu. Kazi yake ni watu. Ukimwondoa kati ya watu na kumweka jangwani, umemnyang'anya viungo vyake vyote huku ukidai kwamba hujamgusa.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Makhan Singh alikuwa tayari amezuiliwa zaidi ya miaka miwili. Yeye alitangulia, na wengine wakamfuata katika njia hiyohiyo ya Lokitaung, Kenyatta, Kubai na Bildad Kaggia wakiwemo. Baadaye yeye alihamishiwa Maralal, na hatimaye Dol Dol.

Kule Dol Dol alikuwa amerudi karibu na mlima ambao chini yake amri dhidi yake ilianza. Kutoka nyika zile, siku ya mbingu safi, kilele cha Mlima Kenya huonekana upande wa kusini. Ng'ambo ya mlima huo kulikuwa na Nyeri, na mbali zaidi Nairobi, alikokuwa mkewe akiwalea watoto bila baba.

Miaka hiyo yote hakuacha kusoma, kuandika na kuhifadhi karatasi. Aliwaandikia wakuu wa serikali mara kwa mara akitaka aachiliwe. Angekubali kulegeza msimamo, pengine amri ingelegezwa pia. Hakulegeza.

Aliachiliwa Oktoba 1961. Kenyatta alikuwa amekwisha kurudi nyumbani Agosti mwaka huo, na bendera ya Uingereza ilikuwa na miaka miwili tu ya kupepea. Alikuwa miongoni mwa wanaharakati mashuhuri wa Kenya waliokaa kizuizini mfululizo kwa muda mrefu sana enzi za ukoloni.

Alijiunga na KANU, akasubiri kutumwa. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Vyeo viligawanywa, mabalozi wakateuliwa, mashamba yakatolewa. Makhan Singh hakupewa lolote. Vyama vya wafanyakazi alivyovianzisha vilikuwa mikononi mwa kizazi kingine, na katika siku zile za mvutano baina ya Magharibi na Urusi, mtu aliyekiri mahakamani kuwa Mkomunisti hakuwa rafiki wa kujionyesha naye.

Wengine kama yeye waligeuka wachungu, wakatumia uzee wao kulaumu. Yeye alirudi kwenye karatasi zake. Akakusanya taarifa za mikutano, barua, vikaratasi vya migomo na hukumu, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini hadi mwaka wa 1952. Kitabu hicho kilichapishwa na East African Publishing House mwaka wa 1969.

Anayekisoma hushangazwa na jambo moja. Mwandishi, ambaye aliteswa kuliko wengi, hajilizi. Humo mna majina ya waliogoma, tarehe, madai na matokeo. Ni kama kwamba alihofia wafanyakazi wa kawaida wasije wakasahauliwa jinsi alivyosahauliwa yeye. Sehemu ya pili ya kazi hiyo ilitolewa mwaka wa 1980 chini ya uhariri wa Profesa Bethwell Ogot, lakini mwandishi hakuiona.

Makhan Singh alifariki jijini Nairobi Mei 18, 1973 kutokana na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 59. Karatasi zake zilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2006 mwandishi Zarina Patel akatoa kitabu kinachosimulia maisha yake kwa mapana.

Mwezi wa Mei ulikuwa na jambo naye. Mei 1940 alikamatwa India. Mei 1949 aliunda muungano wa wafanyakazi. Mei 1950 alikamatwa Kenya, na Mei 1973 akaaga dunia. Kila Mei 1 wafanyakazi wa Kenya hukusanyika kusikiza hotuba na kungojea nyongeza ya mshahara wa chini. Ni mara chache jina lake hutajwa katika hotuba hizo.

Pengine hilo si ajabu, kwani wahenga waliusia kutenda wema na kwenda zako. Hata hivyo, taifa linalosahau waliolitendea wema hujinyima mafunzo. Maisha ya Makhan Singh yana funzo moja ambalo halijachakaa: sheria iliyotungwa kwa sababu ya dharura haifi dharura inapokwisha. Ilianza kwa hoja ya vita mwaka wa 1940, ikamshika Kibachia nchi ikiwa na amani mwaka wa 1947, ikamshika Makhan Singh mwaka wa 1950, na hata baada ya uhuru Wakenya waliendelea kuwekwa kizuizini bila kesi katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, safari hii kwa amri za Wakenya wenzao.

Mfanyakazi anayetoka kazini baada ya saa nane leo, awe katika kiwanda cha majani chai Mathira au katika duka la mjini Nanyuki, anafaidi jambo lililogomewa siku 62 mwaka wa 1937. Huenda hajui ni nani aliyelipigania. Atakapopita Kiganjo, na aangalie barabara mbili zile, ya Nyeri na ya Nanyuki, akumbuke kwamba kuna fundi wa chapa aliyepelekwa huku kuhukumiwa na kule kufichwa, kwa kosa la kudai kwamba yeye na mwenzake wa rangi nyingine walipwe haki yao.